Makato ya chama kwenye mshahara: jinsi ya kujua unakatwa kama nani, na ufanye nini

Kama umeajiriwa na kila mwezi kuna hela inaondoka kwenye mshahara wako kwenda chama cha wafanyakazi, na ukijiuliza lini ulijaza fomu hukumbuki, soma hii. Na kama wewe ndo kiongozi wa tawi unayeshambuliwa kwenye grupu la WhatsApp kila mshahara ukitoka, soma pia, maana kuna sehemu utapata cha kujibu na kuna sehemu itabidi ukae kimya tu.

Naandika nikiwa Dodoma, mji ambao ukigonga hodi nyumba mbili ya tatu lazima umkute mtumishi. Kuna walimu, manesi, watu wa wizarani Mtumba, wahadhiri wa UDOM, afu kuna kundi la pili ambalo kwenye haya mabishano huwa linasahaulika kabisa, walinzi, wahudumu wa hoteli na lodge, mafundi wa site, vibarua wa viwanda vya alizeti na vya mvinyo. Msimamo wangu niuseme mapema usije ukahisi nakuzunguka: mtu kuchangia gharama za chama kinachomsemea naona ni sawa, hata kama kadi yao haitaki, ila chama kikishindwa kumwonyesha mkataba kilioujadili na mwajiri na yeye akanufaika nao basi hakina cha kumdai.

ANGALIA KWANZA UNAKATWA KAMA NANI

Watu wengi wanarukia kuandika barua ya kujitoa kabla hawajajua kama waliwahi kuingia. Kwenye salari slipu utaona jina la chama na kiasi, basi. 2% ndo kiwango ambacho wengi wanakijua, kwahiyo mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 16,000 kwa mwezi, kwa mwaka 192,000, sio hela ya kudharau, hiyo ni mifuko ya saruji. Shida ni kwamba slipu mara nyingi haikwambii kama hiyo ni ada ya mwanachama au ni ada ya uwakala, yaani ile anayokatwa asiye mwanachama, na hivi vitu viwili kisheria ni tofauti kabisa.

Ada ya mwanachama inakatwa kwa idhini yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri atakata ada ya chama pale mfanyakazi alipoidhinisha kwa fomu maalum, ile inayoitwa TUF 6. Kwahiyo cha kufanya ni kwenda kwa afisa utumishi, au HR kama uko sekta binafsi, umwombe nakala ya TUF 6 yako iliyopo kwenye faili. Omba kwa maandishi, hata mistari miwili, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiende kwa jazba, yule afisa utumishi hana faida na hiyo hela, yeye anatekeleza tu na ukimjia juu atakuzungusha mpaka uchoke.

Majibu yanaweza kuwa matatu. Fomu ipo na sahihi ni yako, maana yake ulijaza ile wiki ya kwanza ya ajira pamoja na rundo la fomu za bima ya afya na mfuko wa hifadhi, ukasaini zote kwa mpigo, wewe ni mwanachama. Au fomu haipo, ila unaambiwa kuna makubaliano ya uwakala kati ya mwajiri na chama, hapo wewe sio mwanachama, wewe ni mchangiaji. Au fomu haipo na makubaliano hakuna mtu anayeweza kuyatoa. Hiyo ya tatu ndo yenye kesi, maana sheria hiyohiyo hairuhusu mwajiri kugusa mshahara wako bila sheria kumruhusu, bila amri ya mahakama na bila wewe kukubali.

HII ADA YA UWAKALA IMETOKA WAPI

Hapa ndo penye mzozo wenyewe kwahiyo nitakaa kidogo.

Kulazimishwa kujiunga na chama hairuhusiwi. Katiba ya 1977 ibara ya 20(4) inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, na kifungu cha 72 cha sheria ya ajira kinasema mkataba wa pamoja (ule wa chama na mwajiri, kazini tunauita mkataba wa hali bora) unaomlazimisha mfanyakazi awe mwanachama hautekelezeki. Mpaka hapo wale wanaosema "hakuna wa kunilazimisha" wako sahihi. Lakini kifungu hichohicho kinaendelea kuruhusu chama kinachotambuliwa, yaani chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika la majadiliano (lile kundi la wafanyakazi ambalo chama kinalijadilia), kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada. Kwa masharti: wasilazimishwe kuwa wanachama, ada yao isizidi ya wanachama, hela iingie akaunti ya peke yake, na itumike kutetea au kuendeleza maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini tu, isiende kwenye chama cha siasa wala kwa mgombea yeyote.

Rudia hilo la akaunti ya peke yake, tutalihitaji mbele.

Sababu ya kuweka hivi inaeleweka ukiwaza hoteli moja ina wafanyakazi 60. Arobaini ni wanachama, wanachanga, wanatuma watu mezani, wanabishana na menejimenti miezi na miezi mpaka wanasaini mkataba wa hali bora wenye posho ya usafiri wa usiku. Huo mkataba unawahusu wote waliomo kwenye eneo la majadiliano, wakiwemo wale ishirini ambao hawakutoa hata mia. Mwaka unaofuata mmoja wa wale arobaini anajiuliza mimi nachangia nini kama mwenzangu anapata bure, anajitoa, anafuata wa pili, na chama kikishuka chini ya nusu kinapoteza kutambuliwa na mkataba hauna tena wa kuusimamia.

Upande wa pili nao una hoja na usizipuuze. Mtumishi wa umma atakwambia nyongeza yake haikutoka mezani kwa chama. Mei Mosi ya 2025 ilifanyika hapo jirani Singida, Rais Samia akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kwa 35.1%, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, wamepata wenye kadi na wasio na kadi. Chama kitasema sisi ndo tulipeleka madai miaka yote hiyo. Mwalimu wa Bahi atasema niliona Rais akitangaza, nyie nikawaona mmevaa tisheti. Ni ngumu kupima nani yuko sahihi, na ndo maana nasema chama kiwe na karatasi ya kuonyesha.

Kuna na historia. Mwaka 1964 serikali ilivifuta vyama vilivyokuwepo, vingi vilikuwa chini ya TFL, shirikisho la 1955 ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, ikaundwa NUTA peke yake kwa sheria, baadaye ikaja JUWATA, vyote chini ya mbawa za chama tawala. Wazee wetu walikatwa kama wanavyokatwa kodi na hakuna aliyeuliza. Mpaka leo kuna viongozi wa vyama wanaokaa ofisini na akili ya JUWATA, ukiwauliza mapato wanaona umewatukana.

MAREKANI WAMEGOMBANIAJE HILIHILI

Naleta Marekani kwa sababu mabishano ya kwenye magrupu yetu yanafanana na yao kwa karibu, na siku hizi watu wanapenda kusema "kwa wenzetu huwezi kukatwa", kitu ambacho ni kweli nusu.

Kule chama kikipata wengi kinawawakilisha wote waliopo, wanachama na wasio wanachama, na kisheria hakiruhusiwi kuwabagua wasiolipa. Kwahiyo vyama vikawa vinasaini na waajiri makubaliano kwamba kila mtu achangie. Mwaka 1947 bunge lao likapitisha sheria ya Taft-Hartley, na ndani yake kuna kipengele kinachoruhusu kila jimbo likitaka lipige marufuku makubaliano ya namna hiyo. Sheria za majimbo zinazopiga marufuku ndo zinaitwa right-to-work. Hazimpi mtu kazi, zinachosema ni kwamba huwezi kufukuzwa au kunyimwa kazi kwa kukataa kuchangia chama. Florida na Arkansas walikuwa na vifungu vyao tangu 1944, kabla hata ya hiyo sheria ya taifa. Leo majimbo 26 yanazo.

Na sio kwamba limeisha, wanavutana kila uchaguzi. Michigan, kwao viwanda vya magari, waliipitisha 2012, wakaja kuifuta 2023 na ufutaji ukaanza kazi mwanzoni mwa 2024. Missouri wabunge waliipitisha 2017, vyama vikakusanya sahihi, ikapelekwa kwa wananchi Agosti 2018 na wapigakura karibu theluthi mbili wakaikataa. Illinois wao mwaka 2022 waliweka haki ya kujadiliana kwa pamoja kwenye katiba ya jimbo ili isiguswe.

Kwa watumishi wa umma ni habari nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Mark Janus, mtumishi wa serikali ya jimbo la Illinois, kwamba kumkata mtumishi wa umma ada ya chama bila yeye kukubali ni kuvunja uhuru wake wa kusema, ikatupa uamuzi wa 1977 uliokuwa unaruhusu. Kwahiyo mwalimu wa shule ya umma Chicago asiye mwanachama hakatwi kitu, mwalimu wa Kongwa asiye mwanachama anaweza kukatwa kama makubaliano ya uwakala yapo. Ila mfanyakazi wa kiwanda binafsi hapohapo Illinois bado anaweza kutakiwa kuchangia. Hiyo ndo nusu ambayo watu hawaisemi.

Je hizi sheria za right-to-work zinasaidia au zinaumiza? Wanaozitaka wanasema zinavuta wawekezaji na zinawafanya viongozi wa chama wahangaike kumridhisha mwanachama. Wanaozipinga wanasema zinaua vyama taratibu afu mishahara inafuata. Ukiangalia New York ambako hazipo, mfanyakazi karibu mmoja kati ya watano ni mwanachama, North Carolina ambako zipo hawafiki hata wanne kwenye mia. Lakini mengi ya majimbo hayo ya kusini yalikuwa maskini na yenye vyama dhaifu tangu kabla ya sheria, kwahiyo mtu akikuletea takwimu ya mishahara kwenye grupu akasema "unaona!", mwambie atulie kwanza.

UKITAKA KUJITOA

Njia ni fupi kuliko watu wanavyotisha. Mwanachama anaondoa idhini yake kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama, wote wawili. Wengi wanakosea hapo, wanampa mwenyekiti wa tawi barua mkononi kijiweni, mwenyekiti anaitia kwenye begi, imeisha hiyo. Andika kitu kama hiki:

"Mkurugenzi Mtendaji (au cheo cha mwajiri wako), na Katibu wa Chama (andika jina la chama). YAH: KUONDOA IDHINI YA MAKATO YA ADA YA CHAMA. Mimi (jina, cheki namba, kituo cha kazi) natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia tarehe ya barua hii ya kuondoa idhini niliyotoa ya kukatwa ada ya uanachama kwenye mshahara wangu. Naomba makato yasitishwe notisi itakapoisha. Naomba pia nijulishwe kwa maandishi kama kuna makubaliano ya ada ya uwakala yanayonihusu, na nipatiwe nakala yake."

Sentensi ya mwisho usiiache. Toa nakala tatu, moja ibaki kwako na mihuri ya pande zote mbili. Kama mpitisha barua wako ni mkuu wa shule au mganga mfawidhi, ipitishe kwake, usiruke ngazi ukawapa sababu ya kuirudisha.

Sasa sikiliza vizuri. Kama kazini kwako makubaliano ya uwakala yapo, baada ya notisi kuisha unaweza kuendelea kukatwa kiasi kilekile, safari hii kama asiye mwanachama. Huna kura, hugombei, kikao cha tawi huingii, na siku ukipewa barua ya tuhuma chama hakina deni la kukuletea mwanasheria. Yaani umetoka ndani ya nyumba ila kodi unaendelea kulipa. Ndo maana mimi mtu akiniuliza "nijitoe?" namuuliza kwanza makubaliano umeyaona? Kama hajayaona namwambia ayatafute kwanza.

UKIAMUA KUBAKI, WABANE

Hii ndo njia inayowakera viongozi zaidi, kuliko hata barua za kujitoa. Kisheria chama kinatakiwa kutunza vitabu vya hesabu, kikaguliwe kila mwaka, taarifa ya mkaguzi iende kwenye kikao cha wanachama au wawakilishi wao na kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi, na mwanachama ana haki ya kuiona. Kwahiyo kikao cha tawi kikiitishwa usiende kula soda ukaondoka. Uliza taarifa ya ukaguzi ya mwaka jana iko wapi. Uliza akaunti ya ada ya uwakala ni ipi, ina kiasi gani, na imetumika kwa nini hapa kazini kwetu. Uliza mkataba wa hali bora unaisha lini na nani yuko kwenye timu ya majadiliano. Waombe waandike maswali kwenye muhtasari.

Utaambiwa hayo yako makao makuu. Sawa, andika barua kupitia tawi kwenda makao makuu, ngazi zote za katiba ya chama zifuate hata kama zinachosha, kwa sababu chama kikivunja katiba yake mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Kazi, na huko watakuuliza kwanza kama ulimaliza njia za ndani.

Na gombeeni uongozi jamani. Tawi la watu mia mbili uchaguzi unajaa watu ishirini, halafu miaka mitano inayofuata wale mia na themanini ndo wanalalamika kwa nguvu zaidi.

KUHAMA CHAMA AU KUANZISHA

Chama kimoja hakina hatimiliki ya kazini kwako. Walimu kwa mfano wana CWT, na CHAKUHAWATA nao wapo. Anayetambuliwa kujadiliana ni yule mwenye zaidi ya nusu, kwahiyo mchezo wote ni idadi. Chama kinachotambuliwa kikipoteza wengi, mwajiri anatakiwa kukipa notisi ya miezi mitatu kirudishe idadi, kikishindwa utambuzi unaondolewa. Hapa ndo barua za mmojammoja zinakuwa na maana, zikiwa nyingi na kwa wakati mmoja, sio wewe peke yako umekasirika Jumanne.

Kuanzisha chama kipya inahitaji wafanyakazi wasiopungua 20, katiba, na kusajiliwa kwa Msajili ndani ya miezi sita tangu mkianzishe. Rahisi kwenye karatasi, kukiendesha ndo kazi. Kabla ya hapo angalia kama sekta yenu ina chama tayari: TUICO viwanda na biashara, CHODAWU hoteli na kazi za majumbani, TAMICO migodi na ujenzi, TPAWU mashambani, TUGHE serikali kuu na afya, TALGWU serikali za mitaa.

Kwa nyie wa sekta binafsi ambao hamna kabisa chama, mwito wangu ni mmoja, anzeni kimyakimya. Jazeni TUF 6 kwanza mkiwa wengi, ndo chama kipeleke barua kwa bosi. Mkiwa wanachama hata chini ya kumi mna haki ya mwakilishi mmoja, kuanzia 10 mpaka 20 wawakilishi watatu. Mkipita nusu, chama kinaomba kutambuliwa na mwajiri anatakiwa akutane nacho ndani ya siku 30. Kumfukuza mtu kwa sababu ya uanachama ni kosa, sheria iko wazi, lakini kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali inamhusu aliyefikisha miezi sita kazini, kwahiyo mwenye miezi minne asiwe ndo wa kuzunguka na fomu.

Kwa nyie haohao wa sekta binafsi, mambo yakiharibika mahali pa kwenda ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Dodoma wapo. Unajaza fomu namba moja yao, unampa mwajiri nakala, mnaitwa kwenye usuluhishi kwanza. Kama umefukuzwa una siku 30 tu za kufungua, madai mengine kama makato yasiyo na idhini siku 60. Hizo siku zinahesabiwa na Jumapili, na "nilikuwa nasubiri katibu wa chama anijibu" sio sababu ambayo msuluhishi ataipenda, kwahiyo fungua shauri afu endelea kumsubiri katibu wako huku namba ya shauri unayo mkononi.